Mwongozo wa Kukitunza Chanzo cha Ioni: Kwa Mafundi Vijana wa Mombasa

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya kijana aliyesomea umeme au mitambo hapa Kisiwani, aghalabu pale Tudor katika Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa, ambacho wazee wetu wangali wakikiita MIOME kwa jina la taasisi ya elimu ya Waislamu iliyokitangulia, na ambaye ajira yake imempeleka, au yaelekea kumpeleka, penye mtambo wa kuchapuza chembe. Mitambo ya namna hiyo i karibu nasi kuliko watu wanavyodhani. Skana kubwa za makontena katika bandari ya Kilindini hupata miale yake ya eksirei kutokana na elektroni zilizochapuzwa. Na saiklotroni zitengenezazo dawa ya kupiga picha za saratani zafanya kazi Nairobi na viungani mwake, katika Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan na katika Hospitali ya Mafunzo, Rufaa na Utafiti ya Chuo Kikuu cha Kenyatta. Saiklotroni ndiyo niliyoikusudia hapa, kwa kuwa ndiyo yenye chanzo cha ioni. Lakini mwenye kuhudumia skana naye atayaona mengi ya humu yakimfaa, maana kile kifaa kinachotoa elektroni nacho kina kathodi, kina ombwe, na kina maadui wale wale.

Sababu kwanza: kwa nini uthabiti, wala si nguvu

Dawa itokayo katika saiklotroni hizo aghalabu ni sukari iliyofungwa kwa florini-18, na florini hiyo ina tabia moja ambayo fundi hana budi kuihifadhi moyoni: kila zinapopita dakika 110, nusu yake imekwisha. Fanya hesabu mwenyewe. Lau ingepakiwa katika garimoshi la Madaraka, ambalo tangu mwaka 2017 huenda baina ya Nairobi na Mombasa kwa muda wa saa tano hivi, ingefika Miritini ikiwa imebaki chini ya sehemu moja katika sita. Na hata ikiletwa kwa ndege, ukijumlisha safari za barabarani na ukaguzi wa viwanjani ukapata saa tatu, ingebaki thuluthi moja tu. Ndiyo sababu mgonjwa wa Kibokoni au wa Mlango wa Papa huifuata dawa badala ya dawa kumfuata yeye, naye huamka alfajiri katika mji wa ugenini akiwa hajala kitu, kwa kuwa sharti la picha hiyo ni kufunga kwa saa kadhaa.

Sasa tuseme saa kumi za alfajiri chanzo cha ioni kimekataa kuwaka. Dawa ya jana haipo, imekwisha kufifia. Ya leo haijatengenezwa. Na mgonjwa amekwisha kulipa nauli, amelala kwa jamaa, na amekaa na njaa. Kwa hiyo tukisema chanzo thabiti hatukusudii chanzo chenye mkondo mkubwa kupita vyote, bali chanzo kisichofanya jambo kwa ghafla. Mimi nakichagua chanzo kitoacho mkondo wa wastani kila asubuhi kwa miezi, kabla ya kile kitoacho mkondo wa kushangaza kwa juma moja kisha kikafa siku yenye wagonjwa wanane. Na fundi anayejipimia sifa kwa ukubwa wa mkondo wake afahamu ya kwamba anaazima nguvu za kesho.

Basi uthabiti na upimwe kwa asubuhi, wala usipimwe kwa saa. Hesabu ni asubuhi ngapi mtambo uliahidiwa, na ngapi ulitimiza kwa wakati. Ahadi ishirini kwa mwezi na moja ikavunjika, hiyo ni asilimia 95, nayo machoni pa yule mmoja aliyerudishwa ni sufuri.

Chanzo ni nini, na huchakaaje

Chanzo kilichoenea katika saiklotroni za hospitali ni cha namna ya Penning, kwa jina la mwanafizikia Mholanzi Frans Michel Penning aliyeuchunguza mwako huo wa umeme katika miaka ya 1930. Ni kimwanzi cha metali kilicho wazi ndani, ambacho ndicho anodi, na kila upande wa ncha yake pamewekwa kathodi ndogo, kwa kawaida ya tantalumu. Haidrojeni hupulizwa kidogo kidogo ndani, sumaku kubwa ya saiklotroni huzizuia elektroni zisikimbilie ukutani, nazo zikawa zenda na kurudi baina ya kathodi mbili zikizigonga chembe za gesi. Hapo huwaka tao, yaani plazma, na kupitia ufa mwembamba ubavuni mwa kimwanzi huvutwa nje ioni hasi, ambazo ni atomu za haidrojeni zilizoongezewa elektroni moja.

Ukiufahamu utaratibu huo umefahamu na ugonjwa wake. Ioni zile zile zilizo rizki ya mtambo ndizo zinazoipiga kathodi na kuing'oa chembe baada ya chembe, mpaka katikati yake pakachimbika shimo. Tantalumu iliyong'olewa haipotei: hutandazika juu ya kuta na juu ya vihami, ikajenga utando unaopitisha umeme pasipotakiwa, au ikajikunja kuwa magamba ambayo siku moja huanguka na kuziba pengo. Ufa nao hupanuka kwa joto, na ukipanuka gesi humwagika zaidi ndani ya saiklotroni, ombwe likaharibika. Na ombwe likiharibika, ioni hasi hugongana na gesi njiani zikapoteza ile elektroni yao ya ziada kabla ya kufika zinakokwenda. Fundi asiyejua haya huona mwali wa ioni umepungua, akaongeza gesi. Kumbe ameongeza maradhi.

Natija ya maelezo hayo ni moja, nayo ndiyo nguzo ya mwongozo wote: chanzo cha Penning hakifi kwa ajali ila mara chache sana. Hufa kwa kuliwa, na kuliwa huonekana, maadamu pana mtu anayeandika.

Daftari kabla ya spana

Watu hupenda kuanza na spana. Wewe anza na daftari, ya karatasi au ya kompyuta, na kila asubuhi, tao likiisha kutulia, andika mambo haya kabla hujagusa kitu:

1. Tarehe, saa, na jina la aliye zamu.
2. Mkondo wa tao na volteji yake.
3. Kiasi cha gesi kinachoingia.
4. Ombwe kabla ya kufungua gesi, na ombwe baada ya kuifungua.
5. Mkondo wa mwali unaofika kwenye shabaha, pale inapotengenezwa florini.
6. Joto la maji ya kupoza yanapoingia na yanapotoka, na kipimo cha upitishaji umeme wake.
7. Jumla ya saa ambazo kathodi hizi zimewaka tangu zifungwe.
8. Cheche zilizoruka, hata ikiwa moja.

Kisha gawanya mkondo wa mwali kwa mkondo wa tao, upate uwiano mmoja, na uutie alama kwenye karatasi ya mraba siku kwa siku. Mstari huo mmoja utakuambia zaidi ya geji zote. Kathodi zikiwa mpya, uwiano hupanda kidogo kisha hutulia. Siku nyingi baadaye huanza kuteremka, kwanza kwa unyenyekevu, halafu kwa haraka. Mpaka ninaoupendelea ni huu: tao linalohitajika kutoa mwali ule ule likizidi kwa robo kuliko lilivyokuwa siku za utulivu, usingoje, panga siku ya kubadilisha.

Na kuhusu siku hiyo, jihadhari na kosa ambalo hata wasomi huliangukia. Watu hutafuta wastani wa umri wa kathodi zao, wakabadilisha zikifikia wastani. Lakini wastani maana yake ni kwamba takriban nusu ya kathodi hufa kabla ya hapo; anayengoja wastani amekwisha kuridhia nusu ya kathodi zake zifie kazini. Tazama katika daftari yako kathodi iliyoishi muda mfupi kuliko zote bila ya sababu ya nje, chukua thuluthi mbili za muda huo, na hapo ndipo pa kubadilisha. Utatupa tantalumu iliyokuwa na uhai bado, ni kweli. Lakini bei ya vipande viwili vya tantalumu haikaribii hata kidogo hasara ya asubuhi moja iliyopotea.

Hayo si maoni ya Pwani peke yake. Katika mtambo wa ISIS nchini Uingereza, unaotumia chanzo cha jamii hii ya Penning chenye kutiwa sesiamu, mafundi hawangoji kife: hukibadilisha baada ya majuma machache kwa kingine kilichokwisha kujaribiwa kando. CERN nao wana benchi la majaribio la chanzo cha Linac4, mbali na mtambo wenyewe. Na kule Oak Ridge, Marekani, ambako antena iliyofunikwa kwa kauri ndani ya plazma ilikuwa ikitobolewa na kukatiza kazi, dawa haikuwa kuilazimisha iendelee bali kuchunguza kila iliyoharibika, kujua ilitobokea wapi na kwa nini, kisha kuiunda upya.

KISANDUKU CHA HADHARI

• Usifungue chanzo kabla ya kuzima volteji, kuufunga mtambo kwa kufuli yako mwenyewe, na kutoa chaji iliyosalia kwa fimbo ya ardhi.
• Vipande vya ndani ya saiklotroni hupata mnururisho. Vipime kwa mita kabla ya kuvigusa, vaa kipimo chako cha mwili, na ikiwa vingali vikali, ngoja. Mamlaka ya Kudhibiti Nyuklia ya Kenya, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2019, ndiyo yenye masharti ya kufuatwa.
• Haidrojeni hulipuka. Jaribu viungo vya bomba kwa povu la sabuni, kamwe usitumie moto.
• Sumaku ikiwaka, spana ya chuma ni risasi. Iache nje ya chumba.
• Mwenye kifaa cha moyo kifuani asiingie penye sumaku.

Kubadilisha kathodi: hatua kwa hatua

Kila dakika ambayo saiklotroni i wazi, kuta zake zinakunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo zitautoa kwa saa nyingi baadaye huku wewe ukidhani una mvujo. Kwa hiyo kazi yote ya maana hufanywa kabla ya kufungua, mezani.

1. Tayarisha chanzo cha pili kizima, si kathodi peke yake: kimwanzi, vihami, kathodi, oringi mpya, vyote vimefungwa na kupimwa. Utakitoa kile na kukitia hiki. Cha zamani utakisafisha kesho kwa utulivu.

2. Vihami visafishwe, vioshwe kwa spiriti safi, vikaushwe kwenye tanuri, kisha vipimwe kwa mega. Kihami chenye madoa ya kijivu yasiyotoka kisirudishwe. Msasa huondoa doa ukaacha mikwaruzo ambamo doa jingine litajijenga upesi zaidi.

3. Pima upana wa ufa kwa hadubini au kwa kipimo cha vijembe, uandike. Ukiwa umepanuka kupita kiasi alichoweka mtengenezaji, kimwanzi hicho kimekwisha, hata kama kwa macho chapendeza.

4. Vaa glavu zisizo na poda tangu mwanzo hadi mwisho. Jasho la kidole ni chumvi na mafuta, na katika ombwe vyote viwili hutoa gesi.

5. Ingiza nitrojeni kavu ndani ya saiklotroni badala ya hewa ya chumba, na uiache itiririke polepole wakati mlango u wazi.

6. Toa cha zamani, tia kipya, hakikisha kimekaa penye alama yake. Kosa la nusu milimita baina ya ufa na mdomo unaovuta ioni laweza kukugharimu sehemu kubwa ya mwali, nawe utalisingizia tao.

7. Piga picha kathodi za zamani kabla hujazitupa. Shimo lililo katikati sawasawa ni uzee wa kawaida; shimo lililoelemea upande mmoja ni ushahidi kwamba chanzo hakikukaa sawa na sumaku.

8. Vuta ombwe, na usiwashe tao mpaka ombwe bila gesi limerudi pale lilipokuwa katika daftari. Hapa ndipo subira inapopimwa.

9. Washa tao kwa mkondo mdogo, uache lijizoeze, upandishe kidogo kidogo. Cheche za mwanzo ni za kawaida. Zisipopungua baada ya saa moja, zima ukatafute sababu.

DALILI NA MAANA YAKE

• *Tao halitaki kuwaka:* tazama gesi kwanza, kisha kihami kilichopitisha umeme, kisha kathodi.
• *Tao lapanda, mwali haupandi:* ufa umepanuka, au kathodi imechimbika.
• *Cheche za mara kwa mara baada ya wiki nyingi za amani:* magamba ya tantalumu.
• *Ombwe zuri bila gesi, baya na gesi:* gesi ni nyingi mno, au ufa ni mpana.
• *Ombwe baya hata bila gesi:* oringi, au unyevu. Tafuta kwa heliumu.
• *Tao zuri, ombwe zuri, mwali hafifu:* usikiguse chanzo. Tazama karatasi nyembamba ya kaboni inayozivua ioni elektroni zake, huenda imechanika.

Juu ya hiyo ya mwisho nataka kukaa kidogo, kwa maana ndipo vyanzo vingi vizima vinapofunguliwa bure. Chanzo kina sifa mbaya, na kila upungufu huelekezwa kwake. Fundi akakifungua, akakiingizia unyevu, akakifunga, na karatasi ya kaboni iliyochanika ikabaki pale pale. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja, uandike natija yake, ndipo uende kwa cha pili. Anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja na mtambo ukapona hajui alichoponya, na ugonjwa ukirudi atalazimika kuvibadilisha vyote vitatu tena.

Saa ya kukata shauri

Kila kituo kiwe na saa iliyoandikwa ukutani, iliyokubaliwa na madaktari, ambayo ikifika na mwali haujatulia, fundi hupiga simu wodini bila ya kuona haya na bila ya kungoja jaribio moja zaidi. Mathalani, ikiwa dawa yatakiwa saa mbili za asubuhi, na kuipiga shabaha pamoja na kuitengeneza hula saa tatu, basi saa kumi na moja ndiyo ya mwisho kuanza, na shauri likatwe saa kumi na nusu. Mgonjwa aliyeambiwa mapema ataruhusiwa kula na kupangiwa siku nyingine. Aliyefichwa kwa matumaini ya fundi hushinda na njaa mpaka adhuhuri. Hili si la ufundi wa umeme, lakini ni la uthabiti, na sijui sehemu ya mwongozo huu iliyo na haki zaidi ya kutiiwa.

Umeme ukikatika

Siku ya 25 Agosti 2023 nchi karibu yote ilizimikiwa na umeme kwa saa nyingi, na kukatika kwa muda mfupi nako hutokea mara kwa mara. Jenereta huchelewa sekunde kadhaa, nazo zatosha kuzima pampu. Betri za akiba basi zihudumie kwanza vali, geji na kompyuta ya udhibiti, kabla ya kitu chochote kinachokula nguvu nyingi. Umeme ukirudi, fuata utaratibu huu bila ya haraka: hakikisha vali ya gesi imefungwa, rudisha maji ya kupoza na uone yanapita, rudisha pampu, ngoja ombwe, ndipo sumaku, na tao likawe la mwisho. Kuwasha tao kabla ya maji ni kuyeyusha katika dakika chache kile ulichokihifadhi kwa miezi.

Hali za Kisiwani

Yamebaki yanayotuhusu sisi wa Pwani zaidi ya wenzetu wa bara. Hewa ya Mombasa, iwe Kusi au Kaskazi, hubeba chumvi na unyevu, na kipuri kilichokaa mwaka mzima kabatini hapa si sawa na kilichokaa Nairobi. Vilevile maji ya visima vingi vya Mji wa Kale yana chumvi, na fundi asithubutu kuyatia katika mfumo wa kupoza, hata kwa dharura. Maji yaliyochujwa ioni peke yake ndiyo yanayofaa, kwani hugusa sehemu zenye volteji, na chumvi huyageuza kuwa waya.

Gesi nayo iwe haidrojeni safi ya asilimia 99.999, na kila unapobadilisha mtungi, safisha kiungo kwa kujaza na kutoa gesi mara tatu kabla ya kukifungulia chanzo, la sivyo hewa yetu yenye unyevu itaingia pamoja nayo na kuila kathodi.

Spea ziagizwe zikiwa bado zipo mbili, kwa sababu kipuri kinachotoka ng'ambo hupitia safari na forodha, na muda wake hauko mikononi mwako. Zikifika:

☐ Fungua, kagua na upime siku hiyo hiyo, ili dai likiwapo liwahi.
☐ Kausha vihami, ufunge kila kimoja katika mfuko uliotolewa hewa pamoja na silika jeli.
☐ Andika nje ya mfuko tarehe, jina la kipande, na aliyekifunga.
☐ Oringi ziwekwe gizani, mbali na mota na taa kali, na zisining'inizwe msumarini.
☐ Kila baada ya miezi mitatu tazama rangi ya silika jeli. Ikigeuka, kausha upya na kipande kilichomo.
☐ Kipande kilichotumika kisichanganywe kamwe na kipya, na chenye mnururisho kiwe katika sanduku lake lenye alama na kufuli.